Jan Czochralski: Mvuta Fuwele Aliyenyang'anywa Jina Lake



Tunapotaja wanasayansi katika kurasa zetu, majina yanayotangulia ni Ibn al-Haytham, al-Biruni na al-Khwarizmi, na wanastahiki kutangulia. Leo tunamtaja mtu ambaye hakuwa wa umma wetu, lakini kazi yake imo mfukoni mwa kila mwanafunzi anayeshuka basi pale Nyabugogo akiwa na simu.

Jina lake ni Jan Czochralski, na hutamkwa karibu na Chokhralski. Alikuwa Mpoland, akaishi kati ya mwaka 1885 na 1953. Aligundua njia ya kuvuta fuwele kutoka kwenye kitu kilichoyeyuka, na njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo kukuza sehemu kubwa ya silikoni ya vichakato vya simu na kompyuta. Kwa njia hiyo hiyo hukuzwa fuwele za oksidi za leza, za mitambo ya intaneti ya faiba na za vipimo vya hospitali. Pamoja na hayo, chuo chake kilimfungia mlango kwa tuhuma ambayo mahakama haikuithibitisha, akamaliza umri wake akitengeneza vipodozi na dawa ya mafua, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jina.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, elimu aliyoiacha inahusu moja kwa moja madini yanayochimbwa katika ardhi ya Rwanda. Ya pili, yaliyompata yanatuhusu sisi sote tunaopokea habari za watu na kuzisambaza.

Mtoto wa seremala

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1885 katika mji mdogo wa Kcynia. Wakati huo Poland haikuwa dola. Ardhi yake ilikuwa imegawanywa kati ya Prussia, Urusi na Austria, na Kcynia ulikuwa upande wa Prussia, ukiitwa Exin kwa Kijerumani. Baba yake alikuwa seremala, na Jan alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi.

Alisoma chuo cha ualimu papo hapo mjini. Inasimuliwa kwamba hakuridhika na alama alizopewa, akakichana cheti chake na kuapa kuwa hatarudi Kcynia mpaka awe mtu mashuhuri. Bila cheti hakuweza kufundisha, wala kuingia chuo kikuu kwa mlango wa kawaida. Akaenda kufanya kazi katika duka la dawa. Mwaka 1904 alihamia Berlin, na huko pia alianzia kwenye duka la dawa.

Duka la dawa la zama zile lilikuwa maabara ndogo. Mfanyakazi alipima, alichanganya, alichuja na kuchunguza usafi wa kemikali kwa mikono yake. Kijana aliyekosa darasa alipata meza ya kazi, na akaitumia vizuri. Baada ya miaka michache aliajiriwa na AEG, kampuni kubwa ya umeme ya Ujerumani, akapewa kazi ya kuchunguza ubora na usafi wa metali zinazotengenezewa nyaya. Wakati huo huo alihudhuria mihadhara katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg. Mwaka 1910 alimwoa Marguerite Haase, mpiga piano, na wakajaaliwa watoto.

Kalamu ndani ya bati

Kisa cha mwaka 1916 kinasimuliwa popote inapofundishwa sayansi ya fuwele. Czochralski alikuwa ameketi akiandika matokeo ya majaribio yake. Kando ya kidau cha wino palikuwa na chungu kidogo cha bati lililoyeyuka, kikisubiri kupoa. Akiwa amezama katika mawazo, akachovya kalamu kwenye bati badala ya wino. Alipoitoa kwa haraka, aliona uzi mwembamba wa metali ukining'inia kwenye ncha ya kalamu. Angeweza kuufuta na kuendelea kuandika. Yeye aliuchunguza uzi ule, akabaini kwamba ulikuwa fuwele moja nzima.

Hapa pana haja ya ufafanuzi kwa wasiosoma fizikia. Fuwele moja nzima ni mfano wa safu za swala: atomu zote zimesimama kwenye mistari iliyonyooka, zikielekea kibla kimoja, kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho wake. Kipande cha kawaida cha metali ni mfano wa watu wale wale waliogawanyika makundi makundi uwanjani, kila kundi na mwelekeo wake. Pale makundi yanapokutana huwa pana mipaka. Mipaka hiyo husumbua mwendo wa umeme, na kwenye kitu kinachopitisha mwanga huutawanya. Ndiyo maana anayetaka kutengeneza transista au leza hutafuta kitu kisicho na mipaka hiyo.

Czochralski aliirudia ajali yake kwa makusudi na kwa kipimo. Badala ya kalamu alitumia mrija mwembamba wa kioo, na badala ya mkono alitumia mtambo wa saa ulioupandisha mrija kwa mwendo usiobadilika. Alijaribu bati, risasi na zinki. Lengo lake la awali lilikuwa kupima kasi ya metali kuganda na kuwa fuwele. Ukivuta polepole kuliko kasi hiyo, uzi unaendelea kukua. Ukivuta kwa haraka kupita kasi hiyo, uzi unakatika. Basi mwendo ule wa mwisho kabla ya kukatika ndio jibu la kipimo.

Jarida la kemia la Ujerumani lilipokea makala yake Agosti 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, na makala ikachapishwa mwaka 1918. Ilisomwa na wataalamu wa metali, kisha wengi wakaisahau. Yeye mwenyewe aliendelea na mambo mengine, na wakati huo hakuna aliyedhani kwamba uzi ule ungebeba uchumi wa karne nzima.

Metali isiyo na bati

Mwaka 1917 alihamia Frankfurt kuongoza maabara ya metali ya kampuni kubwa. Ujerumani ilikuwa na shida ambayo msomaji wa Kigali ataielewa haraka. Fani za magurudumu ya treni zilihitaji aloyi yenye bati, na bati lilitoka nchi za mbali kwa bei ya juu. Sisi tunalijua kwa jina la gasegereti, mawe mazito meusi yanayochimbwa Rutongo, kaskazini ya Kigali. Wao hawakuwa nayo ya kutosha.

Czochralski alitengeneza aloyi ya risasi iliyotiwa kiasi kidogo sana cha metali kama sodiamu na kalsiamu, akaipatia hakimiliki mwaka 1924. Wajerumani waliiita metali ya reli. Shirika la reli la Ujerumani liliichukua, na hakimiliki zikanunuliwa na nchi nyingine, zikiwemo Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi ya Kisovieti. Akawa tajiri, na mwaka 1925 akawa rais wa jumuiya ya wataalamu wa metali ya Ujerumani. Inaelezwa kwamba Henry Ford alimtaka aende Marekani kuongoza kiwanda cha aloyi za alumini, naye akakataa.

Kurudi nyumbani

Poland ilipata uhuru wake mwaka 1918. Rais wake wa miaka ya 1920, Ignacy Mościcki, alikuwa mkemia kabla ya kuwa mwanasiasa, na alimwita Czochralski arudi kuijenga nchi. Mwaka 1928 akaiacha kazi ya Frankfurt na mapato yake, akaenda Warsaw. Chuo cha ufundi cha Warsaw, yaani Politechnika, kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1929, kisha uprofesa. Mtu aliyetoka kwao bila cheti sasa alikuwa na idara, maabara na wanafunzi.

Alikuwa mkarimu. Alisaidia wanafunzi wasio na uwezo, alifadhili waandishi na wasanii, na alichangia ukarabati wa nyumba aliyozaliwa mwanamuziki Chopin. Lakini mtu anayerudi kutoka ughaibuni na mali, akapewa cheo kwa mwaliko wa rais, huwa hakosi maadui. Profesa mwenzake alimtuhumu hadharani kwamba aloyi yake iliihujumu nchi. Czochralski alikwenda mahakamani kutetea heshima yake, akashinda. Hata hivyo maneno ya fitina yalikuwa yamekwisha kupandwa, na yangekuja kuota baadaye.

Miaka ya vita

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland. Vyuo vikuu vilifungwa, na maprofesa wengi walikamatwa au waliuawa. Kwa kukubaliana na wenzake wa chuo, Czochralski alifungua upya maabara yake kama kituo cha kuchunguza metali. Kituo kilifanya kazi zilizoagizwa na Wajerumani, na hilo lilionekana na kila mtu. Vitambulisho vya kazi vya kituo hicho viliwakinga wafanyakazi dhidi ya kukamatwa na kupelekwa kambini, na hilo lilijulikana kwa wachache. Lugha yake nzuri ya Kijerumani na watu aliowajua zamani alivitumia kuwaombea wafungwa waachiwe. Na mambo aliyoyafanya kwa ajili ya jeshi la siri la wazalendo wa Poland hayakuweza kujulikana na mtu yeyote wa nje, kwa sababu kama yangejulikana angeuawa yeye na watu wake.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Mtu mmoja alikuwa na matendo ya aina mbili. Yale yaliyoonekana yalimshuhudia vibaya, na yale yaliyomtetea yalikuwa siri.

Vita vilipokwisha, wenye kuhukumu walitazama yaliyoonekana. Aprili 1945 alikamatwa na kuwekwa gerezani Piotrków kwa tuhuma ya kushirikiana na adui. Uchunguzi ulifanyika, ushahidi haukupatikana, na Agosti 1945 kesi ilifutwa akaachiwa huru. Alirudi Politechnika akitarajia kuendelea na kazi. Desemba mwaka huo baraza la chuo lilikataa kumpokea. Sheria ilikuwa imemwacha huru, lakini wenzake aliofanya nao kazi hawakumwacha.

Akiwa na miaka 60, alirudi Kcynia, mji ule aliouapia. Alianzisha kampuni ndogo aliyoiita BION, akatengeneza vipodozi, kemikali za nyumbani na unga wa kutibu mafua. Kwa mara nyingine alikuwa mtu wa kupima na kuchanganya, kama yule kijana wa duka la dawa. Aprili 1953 polisi wa siri waliipekua nyumba yake. Moyo wake haukustahimili, na tarehe 22 Aprili alifariki hospitalini Poznań. Alizikwa Kcynia. Hapakuandikwa jina juu ya kaburi lake kwa zaidi ya miaka 40.

Uzi wapatikana tena

Wakati Czochralski akichanganya vipodozi Kcynia, upande wa pili wa bahari watu walikuwa wanaitafuta njia yake. Transista ilikuwa imevumbuliwa Bell Labs, Marekani, mwishoni mwa 1947, lakini ilitengenezwa kwa vipande vya germaniamu vyenye mipaka ndani yake, na haikuwa ya kutegemewa. Gordon Teal wa maabara hiyo alisisitiza kwamba inahitajika fuwele moja nzima. Pamoja na John Little alichovya mbegu ya germaniamu kwenye germaniamu iliyoyeyuka, akaivuta polepole, na mwaka 1950 matokeo yao yakatangazwa. Silikoni ilifuata muda mfupi baadaye. Leo magogo ya silikoni yanayovutwa hivyo yana kipenyo cha sentimita 30, hukatwa vipande vyembamba kama sahani, na juu yake ndipo huchorwa saketi.

Kisha ikaja zamu ya oksidi. Hizi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo subira ya fundi hupimwa. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, na silikoni kwa nyuzi 1414. Lithiamu niobati, ambayo ni oksidi ya lithiamu na niobiamu, inahitaji takriban nyuzi 1250. Lithiamu tantalati inahitaji takriban 1650. Ile fuwele ya itriamu na alumini inayotumika kwenye leza nyingi, iitwayo YAG, hukaribia 1970. Chungu cha kuyeyushia lazima kistahimili moto huo bila kuyeyuka wala kuchafua kilichomo. Kwa lithiamu niobati hutumika platini, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 1768. Kwa zile za moto mkali zaidi hutumika iridiamu, metali adimu na ghali mno.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unga safi wa oksidi hupimwa kwa mizani, huchanganywa, kisha huyeyushwa. Mbegu, yaani kipande kidogo cha fuwele iliyokwisha kukuzwa, hufungwa kwenye fimbo na kushushwa mpaka iguse uso wa kimiminika. Atomu zinazoganda hujipanga kwa kuifuata mbegu, kama maamuma wanavyojipanga nyuma ya imamu. Fimbo huzungushwa taratibu na kupandishwa. Silikoni huweza kuvutwa kwa milimita moja au zaidi kwa dakika, lakini oksidi nyingi huvutwa kwa milimita chache tu kwa saa. Fuwele moja huchukua siku kadhaa. Joto likizidi kidogo, fuwele hukonda. Likipungua, hunenepa ghafla na kunasa mapovu. Ikiisha kukua hupozwa kwa muda mrefu, kwa sababu ikipozwa haraka hupasuka, na kazi ya wiki nzima ikapotea.

Kupima kwa mwanga

Fuwele iliyotoka tanuruni ikiwa safi kama maji bado haijakubaliwa. Macho hudanganya. Lazima ipimwe kwa mwanga, na vipimo ni vingi, kila kimoja kikiuliza swali lake.

Kwanza hukatwa na kung'arishwa pande zake. Kisha miale ya leza hupitishwa ndani yake kwenye chumba chenye giza, na mpimaji hutazama kwa ubavuni. Fuwele safi haionyeshi njia ya miale. Yenye mapovu au chembe za uchafu huonyesha mstari unaometameta, kama vumbi linavyoonekana kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani.

Baada ya hapo huwekwa kati ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyokingamana, yaani vilivyopangwa hivi kwamba bila kitu kati yake hakuna mwanga unaopita. Ikitazamwa kwa kufuata mhimili wake wa mwanga, fuwele iliyotulia hubaki na giza lile lile. Iliyo na mkazo ndani yake, uliobaki kutokana na kupozwa vibaya, huonyesha mabaka ya mwanga. Kwa mwanga uliokusanywa kama pia, lithiamu niobati nzuri huonyesha pete na msalaba mweusi katikati, na iliyo na mkazo huonyesha msalaba uliopasuka.

Halafu hupimwa kwa spektrofotomita, kifaa kinachoonyesha ni rangi zipi za mwanga zinapita na zipi zinamezwa. Kwa lithiamu niobati, mahali ambapo mwanga wa urujuanimno huanza kumezwa husogea kutegemea uwiano wa lithiamu na niobiamu. Kwa hiyo bila kuivunja fuwele, mpimaji anajua kama mchanganyiko ulipimwa sawasawa siku ya kwanza.

Utaona kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Fuwele inaweza kufaulu cha kwanza ikaanguka cha pili. Na fuwele inayoonekana mbaya kwa nje, yenye ukungu juu ya ngozi yake, inaweza kuwa salama kabisa ndani ikishang'arishwa. Fundi mwaminifu haikubali wala haiitupi mpaka amemaliza vipimo vyote.

Mchanga wetu

Sasa turudi Rwanda. Nchi hii ni miongoni mwa watoaji wakubwa wa tantalumu duniani. Tantalumu na niobiamu hutoka katika jiwe moja, koltani, inayochimbwa sehemu kama Gatumba wilayani Ngororero. Wolframu huchimbwa Nyakabingo wilayani Rulindo. Mengi ya madini haya huondoka nchini yakiwa mchanga uliosafishwa kiasi, ndani ya magunia na mapipa.

Ukiyafuata mbele utakutana na fuwele za Czochralski. Oksidi ya tantalumu ikiunganishwa na lithiamu hupatikana lithiamu tantalati, ambayo vipande vyake vidogo vimo ndani ya simu, vikichuja mawimbi ili simu yako isichanganye mtandao mmoja na mwingine. Oksidi ya niobiamu hutoa lithiamu niobati, ambayo hutumika kwenye mitambo inayoandika taarifa juu ya mwanga kabla haujaingia kwenye faiba. Wolframu ikiunganishwa na risasi hupatikana fuwele nzito ya tungsteti ya risasi. Fuwele zaidi ya 75,000 za aina hiyo zimo katika kifaa cha CMS huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na zilisaidia kugundua chembe ya Higgs mwaka 2012. Na leza ya YAG hutumiwa na madaktari wa macho kuwarudishia uoni watu ambao jicho limeingia ukungu tena baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Tofauti ya bei kati ya gunia la mchanga na fuwele iliyopimwa ni kubwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni malipo ya elimu: nani anajua kusafisha, nani anajua kuvuta, nani anajua kupima. Vyuo vyetu vina pa kuanzia. Taasisi ya EAIFR hapa Kigali, iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, hufundisha fizikia ya vitu vigumu kwa ngazi za juu. Mwanafunzi wa fizikia, kemia au jiolojia anayetafuta mada ya utafiti asiitafute mbali. Kupima fuwele kwa vichujio viwili vya polaroidi na leza ndogo kunawezekana hata katika maabara yenye vifaa vichache.

Jina larudishwa

Poland ya kikomunisti ilipoanguka mwaka 1989, watafiti walianza kuuliza upya habari za Czochralski. Mwaka 1998 jina lake liliwekwa juu ya kaburi lake Kcynia. Kisha katika nyaraka za kumbukumbu kulipatikana ushahidi kwamba wakati wa vita alikuwa akishirikiana na idara ya ujasusi ya jeshi la siri la wazalendo, wale wale aliotuhumiwa kuwasaliti. Juni 2011, miaka 58 baada ya kifo chake, baraza la Politechnika ya Warsaw lilimrejeshea heshima rasmi. Bunge la Poland likautangaza mwaka 2013 kuwa mwaka wa Jan Czochralski.

Haki ilikuja, lakini haikumkuta. Waliokaa kwenye baraza la Desemba 1945 walikuwa watu wasomi, wazoefu wa kupima mambo katika maabara zao. Kuhusu metali hawangekubali neno bila kipimo. Kuhusu mwenzao walitosheka na yaliyoonekana kwa nje na maneno ya zamani ya fitina, hata baada ya mahakama kufuta kesi.

Sisi Waislamu tumefundishwa katika Suratul Hujurat kwamba habari ikiletwa ichunguzwe kabla ya kuwadhuru watu bila kujua, na kwamba dhana nyingi ziepukwe. Tunaisoma sura hii, tunaihifadhi, na jioni hiyo hiyo tunasambaza kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya habari ya ndugu fulani aliyeonekana mahali fulani na watu fulani. Kabla Ijumaa haijafika, mtu amekwisha kuhukumiwa Biryogo nzima, na hakuna aliyemwuliza. Ikiwa jiwe linapewa vipimo vitatu kabla ya kutupwa, mwanadamu anastahiki zaidi.

Basi mwenye kusoma sayansi na asome, na mwenye kupokea habari ya mwenzake aipime kwanza. Wallahu a'lam.